Mimbari Iliyokataa Kutoka

Kila nikipita kwenye karakana za maseremala pale Makutano, harufu ya maranda mabichi ya mti wa muringa hunisimamisha. Wenzangu wa ofisini hudhani natafuta kitanda. Kumbe mimi kimawazo nimesharudi kanisani kwetu, kanisa la Methodisti, katika mji mdogo ambao dereva mgeni huupita bila kujua, na mbele yangu ipo mimbari ya babu yangu.

Msidhani ilikuwa mimbari nzuri. Ilikuwa nzito, pana kupita kiasi, na mchungaji mfupi akisimama ndani yake tulimwona kipara tu. Babu alifariki kabla sijazaliwa, akaniachia pua yake na aibu yake. Inasemekana aliiunda humohumo ndani ya kanisa la kwanza, lile la mbao, na alipomaliza ikaonekana haiwezi kupita mlangoni. Basi ikakaa. Lakini mji wetu haukuwa na vichekesho vingi. Kila mchungaji mpya alipoletwa, hata kabla hajamaliza chai, alisimuliwa habari za fundi aliyesahau mlango. Watoto wenzangu wa shule ya Jumapili waliniita Mlango, na nililichukia jina hilo kwa moyo wangu wote.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mzee Kirimi, kaka yake Cucu, yaani nyanya yangu. Wote wawili walizaliwa ng'ambo ya mto, na Cucu alivuka alipoolewa na babu. Kicheko cha Mzee Kirimi kilianzia tumboni na hakikuwa na haraka ya kuisha. Cucu alikuwa akirekebisha kitambaa chake cheupe kichwani na kusubiri amalize.

Nikiwa bado shule ya msingi, tulianza kujenga kanisa la mawe. Hatukubomoa lile la zamani, tungeabudu wapi? Kuta mpya zilipanda kulizunguka kanisa la mbao, ikawa tunaimba ndani ya nyumba iliyo ndani ya nyumba nyingine. Jumamosi akina mama walibeba mchanga kutoka mtoni, sisi watoto tukabeba maji, na harufu ya simiti ikachanganyika na ya githeri ya mahindi na maharagwe iliyokuwa ikichemka nje. Paa jipya lilipokamilika, tuliling'oa kanisa la zamani kutoka ndani, ubao kwa ubao, tukazitoa mbao kwa mlango mpya. Siku hiyo niliipenda kuliko Krismasi.

Mwisho ikabaki mimbari peke yake katikati ya vumbi. Wanaume waliibeba hadi mlangoni, itoke kwanza ili sakafu imwagwe simiti. Haikupita. Wakailaza ubavu, wakaisimamisha, mchungaji akaomba kidogo, bado haikupita. Kamati iliyomcheka babu miaka yote hiyo nayo ilikuwa imesahau mlango.

Mzee Kirimi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati hiyo. Hakucheka.

"Leteni msumeno," alisema. "Hii kitu tukate tu, wamama wapikie chai. Tunajenga ingine ya vigae."

Nilifurahi ajabu. Wakiikata, nami nitaacha kuitwa Mlango. Lakini Cucu alitoka kwa akina mama, akaingia kwenye ile mimbari ambayo hakuwahi kuikanyaga, akaketi, kiondo mapajani.

"Kateni," alisema. "Lakini kwanza mniambie, hii ikiisha mtakuwa mkicheka nini?"

Mchungaji alijaribu kuficha kicheko kwenye leso yake, akashindwa. Wakaanza kucheka mmoja mmoja, hata aliyeshika msumeno, hata Mzee Kirimi, ambaye ilibidi akalie mfuko wa simiti.

"Huyu dada yangu," alisema akifuta machozi. "Haya, rudisheni mbele."

Njiani kurudi nyumbani nilimwuliza Cucu kwa hasira mbona anawaacha wamcheke mume wake. "Wacha wacheke," alisema, akanipa ndizi.

Jibu nililipata karibu na harusi yangu, tukimenya ndizi za kupondea mukimo jikoni kwake. Aliniambia kwamba zamani watu wa ng'ambo walitaka kanisa liwe kwao, na wa upande wetu hawakutaka kusikia. Jumamosi moja vijana wa ng'ambo walikuja wakabeba mabenchi yote. Wetu wakaenda kuyachukua. Yakabebwa tena, yakarudishwa tena, na mabenchi yale yakawa yanatembelea watu kuliko mchungaji. Mwishowe watu hawakusalimiana, na Cucu, bibi harusi mpya, alikatazwa kuvuka mto kwenda kumwona mama yake. Babu alimwona akilia. Basi akaunda kitu ambacho hakingeweza kubebwa, na ambacho hakuna Mkristo angethubutu kukikata. Mimbari ikakaa, kanisa likakaa, ugomvi ukachoka wenyewe.

"Kwa hivyo hakusahau mlango?" niliuliza.

"Asahau nini? Tuliupima na leso yangu ya kujifunga. Mimi ndio nilimshikia ile upande ingine."

"Na mbona hukuwaambia?"

Alichukua ndizi nyingine.

"Wenye walibeba mabenchi ni ndugu zangu. Kirimi ndio alikuwa mbele. Ningesema, angekaa wapi Jumapili?"

Nilishindwa kuzuia machozi, na sikusingizia moshi. Nilikuwa nimedhani nyanya yangu hajui kumtetea mumewe. Kumbe alikuwa amekubali mumewe aonekane mjinga, ili kaka yake aendelee kuketi kanisani bila haya.

Krismasi iliyopita nilimpeleka mwanangu kanisani. Mzee Kirimi, sasa anatembelea mkongojo, alimwita karibu na mimbari.

"Kuja uone kazi ya babu ya mama yako," alisema, kicheko kikianza kupanda. "Huyo mzee alisahau mlango."

Mwanangu alinigeukia kuuliza kama ni kweli. Nilimtazama Cucu. Alikuwa akirekebisha kitambaa chake.

"Ni kweli," nikamwambia mtoto. "Alisahau kabisa."