Juisi ya matembele tuliyompa mtoto aongezewe damu ndiyo iliyokuwa inamuumiza

Wakuu, heshima zenu. Hili sijasimuliwa na mtu, limetokea ndani ya nyumba yangu huku Chamazi, na mpaka sasa sijakaa sawa.

Nina binti wa miaka miwili, Rehema. Mtundu, mdomo haupumziki. Ghafla akaanza kupoa. Anashinda amelala, tumbo linamsumbua, viganja vimekuwa vyeupe. Hata maneno aliyokuwa ameshayazoea akaacha kuyasema.

Zahanati wakapima, damu imepungua. Tukapewa dawa, tukaambiwa ale mboga za majani kwa wingi.

Hapo bimkubwa akaingia kazini. Mama yangu tunaishi naye, katokea Lushoto, na uani kwetu ana matuta ya mchicha na matembele ambayo mtaa mzima unayatamani. Alianza kulima baada ya kusikia kuwa mboga za mabondeni zinamwagiliwa maji ya viwandani. Akaapa mjukuu wake hatakula mboga asiyoijua imeota wapi.

Basi kila asubuhi anachuma matembele, anachemsha kidogo, anasaga, anachuja, anamnywesha Rehema. Nani humu hajawahi kunyweshwa juisi ya matembele akiambiwa inaongeza damu?

Tukarudi kupima. Damu imeshuka zaidi!

Bimkubwa akaongeza kikombe cha jioni.

(Wapo majirani waliotuambia mtoto karogwa. Nawashukuru kwa ushauri, ila waganga wangenimaliza.)

Tukapewa rufaa. Daktari, dada mmoja mpole sana, akatuuliza maswali ya ajabu: mnaishi karibu na gereji? Kuna mtu anavunja betri? Nikasema hakuna. Akaagiza kipimo ambacho sijawahi kukisikia. Majibu yakaja kwamba damu ya mwanangu ina madini ya risasi, yale yanayotumika kwenye betri za magari.

Nikasimama, nikaanza kubisha.

"Dokta, huyu mtoto hatoki getini. Anakula mboga za bibi yake tu."

"Hizo mboga mnaziwekea nini?"

Nikataka kujibu samadi. Halafu nikakumbuka majivu.

Wakuu, huko kwao mama, Lushoto, majivu ya kuni yananyunyizwa kwenye mboga, wadudu wanakimbia na udongo unapata rutuba. Ni kitu cha kawaida kabisa. Sasa hapa mjini tunapikia gesi, majivu ya kuni utayapata wapi? Nyuma ya ukuta wetu kuna vijana wa skrepa, wanachoma nyaya na makorokoro ya umeme wapate kopa, yaani shaba, wauze. Majivu yanabaki rundo. Bimkubwa akawa anayachota kwa ndoo, na vijana wanampa shikamoo na kumsaidia kubeba. Nikamweleza daktari hayo yote.

"Lakini tunaziosha dokta, tena kwa chumvi."

"Kaka, risasi ikishaingia kwenye udongo mmea unaifyonza. Iko ndani ya jani, haiwezi kuoshwa. Acheni hizo mboga leo hii."

Rafiki yangu wa maabara akapima udongo wa uani, akanipigia: "Braza, hapo msilime kitu. Na mtoto asichezee."

Yaani tulikimbia mboga za bondeni tukajilimia sumu uani. Na mtoto alivyozidi kuumwa ndivyo tulivyozidi kumwongezea. Nililia, sioni aibu kusema.

Kumwambia mama ndiyo ilikuwa mtihani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mie ndo nilikuwa namnywesha?"

"Mama, hakuna aliyejua."

"Nimekuuliza, mie ndo nilikuwa namnywesha?"



Akajifunga kanga, akapita kwa kila jirani aliyewahi kumgawia mboga, akawaeleza mwenyewe, bila kuficha. Baadhi wamepeleka watoto kupima. Vijana wa skrepa nao nimewaambia, wakaogopa, maana wanapikia na kulia palepale.

Rehema yuko kwenye matibabu. Kipimo kinashuka taratibu na ameanza tena kuongea ongea, ingawa daktari anasema tuendelee kumfuatilia kwa muda mrefu.

Nilichojifunza ni kwamba kulima mwenyewe hakutoshi. Jua udongo wako na unachoutia. Kama uko jirani na skrepa, gereji au dampo, pima kwanza. Na mtoto akila mboga damu isipande, usiishie kumwongezea mboga, omba vipimo zaidi.

Kilichonileta hapa hasa ni mama. Tangu siku ile hajampa Rehema hata maji. Mtoto anamfuata, "bibi, maji," naye anaficha mikono ndani ya kanga na kuniita mimi nije nimpe.

Nimeshasema yote ninayoyajua. Aliyewahi kuwa na mzazi wa namna hii, tafadhali aniandikie hapa chini alimwambia nini akaelewa.