Nyumba Ndani ya Vigingi vya Njano

Watu wakisikia kwamba niliwahi kucheza gofu Sumbawanga, wananitazama kama mtu aliyesema amevua papa Laela, bara kusiko na bahari. Sibishani nao. Nimeshazeeka, na kubishana kunachosha kuliko kutembea. Lakini kiwanja kilikuwepo, nje kidogo ya mji, kwenye mteremko unaoshuka hadi kijitoni. Wazungu waliondoka wakakiacha, mbuzi wakakirithi. Kuzunguka kila shimo hapakuwa na majani mabichi bali mchanga uliomwagiwa oili chafu ya gereji ili upepo usiuchukue. Na upepo wa Ufipa, asiyeujua asiuombe.

Sikuupenda mchezo ule hata siku moja. Nilikuwa karani wa ardhi, na mkuu wangu wa kazi aliupenda, basi na mimi nikaupenda kwa amri. Alikuwa mtu wa Mbeya kama mimi, na gofu alijifunza ujanani akiwabebea Wazungu fimbo. Kila Jumamosi mchana alisimama mlangoni pangu akasema, "Karani, twende tukanyooshe mgongo." Mgongo ulionyooka ulikuwa wake. Wangu ulibeba mfuko wa fimbo.

Huyu mkuu nisimsingizie. Kazini alikuwa kama wakubwa wengi wa wakati ule: hotuba ndefu, na gari la serikali likienda kuchukua mkaa wa nyumbani kwake. Ila gofuni alikuwa mtakatifu. Hakuwahi kuiba pigo. Mpira ukimtikisika kwa bahati mbaya kichakani, mahali ambapo hata Mungu ilibidi ainame ndipo aone, alitoka na kujitangazia adhabu. Aliniambia kwamba uungwana wa mtu hupimwa asipoonekana. Nilitamani siku moja aupime mkaa ule kwa kipimo hicho hicho.

Kanuni aliyoipenda kupita zote ilikuwa ya maji, na aliirudia mpaka nikaijua kuliko sala. Mpira ukiingia majini una njia tatu. Unaweza kuupiga hapo hapo ulipo, kama una moyo, mradi fimbo isiguse chini kabla ya kupiga. Unaweza kurudi ulikopigia mwanzo. Au unadondosha nyuma ya maji: unatafuta mahali mpira ulipovukia mpaka, unahakikisha mahali hapo pako kati yako na shimo, kisha unarudi nyuma kwa mstari huo umbali wowote unaotaka. Unasimama wima, uso kwenye shimo, unauachia mpira juu ya bega uanguke nyuma yako. Nasikia siku hizi wanadondosha kwa mbele. Sisi tulidondosha kwa nyuma. Halafu unajiongezea pigo moja.

Na maji yenyewe, kwa kanuni, si lazima yawe maji. Mpaka wake ni vigingi vya njano, na chochote kilicho ndani ya vigingi ni maji, hata kikiwa vumbi tupu. Mkuu alivipaka rangi vigingi vyetu kwa mkono wake, akitumia debe la rangi kutoka idara ya Ujenzi.

Ndipo ikaja kazi ya kuhamishia watu vijijini. Idara yetu iliagizwa kupima viwanja vya kijiji kipya kandokando ya barabara, karibu na kile kiwanja cha gofu, nyumba zikae kwa mistari. Tulichonga vigingi, na kwa kuwa rangi ilikuwa adimu kama sukari, tukavipaka kwa debe lile lile. Mkutanoni mkuu akatangaza kwamba kila kaya ichague kigingi cha njano ijenge hapo. Wenyeji wakapiga makofi, maana mkutano usiopigiwa makofi ulikuwa hauishi.

Mzee mmoja na mkewe walikuwa wakiishi juu tu ya mteremko ule, mahali ambapo ukisimama unaona shimo letu la mwisho ng'ambo ya kijito. Kwao palikuwa na uwanja wa kupuria ulezi, mgumu, uliofagiliwa miaka na miaka. Waliambiwa wabomoe washuke, kwa sababu nyumba yao haikuwa kwenye mstari. Wakashuka. Wakatazama vigingi vya njano vya barabarani, penye mawe na mbali na maji, kisha wakatazama vigingi vya njano vya kijitoni, vile vyetu vya gofu, penye udongo mzuri. Nani asingechagua vya kijitoni? Wakajenga humo ndani, nyumba ya miti na udongo, na paa la nyasi.

Mimi ndiye niliyetumwa kuwaeleza kwamba wamekosea kigingi. Nilifika nikaamkia, "Shikamoo mama, shikamoo mzee," nikakaribishwa togwa, na baada ya togwa maneno yakawa magumu kutoka. Mzee alikuwa na kifua kibovu. Kujenga tena baada ya kubomolewa kulikuwa kumemmaliza, hata kusema alisema kwa kupumzika.

"Mwanangu," akaniambia, "ya kwanza niliijenga nikiwa kijana. Hii nimeijenga nikiwa maiti. Mkinitoa hapa sijengi tena. Mtanichimbia."

Nilirudi ofisini nikamwomba mkuu akihesabu kigingi kile kuwa cha kiwanja cha kijiji, basi yaishe; ni mstari mmoja tu wa kalamu kwenye ramani. Hakukataa, hakukubali. Alisema ataangalia. Mvua zilikuwa zinakaribia, na kila nilipouliza alikuwa bado anaangalia. Nilikonda kwa nyumba isiyo yangu.

Jumamosi moja tukawa shimo la mwisho. Mkuu alipiga, upepo ukaukamata mpira, ukaushusha ndani ya ua wa wale wazee, katikati ya mkeka wa ulezi ulioanikwa. Tulipofika, mama alikuwa ameuokota na kuufuta kwa kanga. Akampa mkuu kwa mikono miwili, huku amepiga goti kidogo. Mzee alikuwa ameketi kivulini, blanketi mabegani.

Mkuu aliutazama mpira, akakitazama kigingi nyuma yetu. Nikaona mlango umefunguka. Anayeupenda mchezo kiasi kile na aliyekuwa akicheza vizuri namna ile siku hiyo, atakubali vipi kupoteza pigo kwa sababu ya mkeka wa ulezi? Nikamtengenezea njia.

"Mzee," nikamwambia mkuu, "hiki ni kigingi cha kiwanja cha kijiji. Hapa si maji, ni nyumba ya watu. Uudondoshe tu hapo kando, bila adhabu."

Nilisema kwa sauti, ili wenye nyumba wasikie na wawe mashahidi. Kama angekubali, asingeweza tena Jumatatu kusema vingine. Nilimwomba Mungu amjalie tamaa ndogo tu, ile ile ya mkaa.

Aliniangalia kwa huruma, kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyenakili.

"Karani, usinifundishe wizi. Kigingi hiki nimekipaka mimi. Hapa tuliposimama ni majini. Naongeza pigo moja."

Akatoka uani, akafuata mstari wake kurudi nyuma, akapanda mteremko. Kote kulikuwa na matuta na mawe. Mahali pekee palipokuwa sawa ni pale juu, kwenye uwanja wa kupuria wa mahame ya wale wazee. Akasimama hapo wima, akaligeukia shimo, akauachia mpira juu ya bega. Ukatulia vizuri kwenye ule udongo mgumu. Akapiga, mpira ukavuka nyumba, ukavuka kijito, ukakaa mchangani karibu na shimo. Lilikuwa pigo zuri kuliko yote niliyowahi kumwona akipiga, na alirudi mjini akipiga mluzi. Mimi nilimfuata na mfuko wa fimbo, nimejaa hasira. Mwizi angewaokoa wale watu. Tuliangukia kwa mwaminifu.

Jumatatu hakuangalia tena. Alisema amejionea mwenyewe kwamba nyumba imo ndani ya eneo la maji, na kwamba hawezi kuwa na maneno mawili, la Jumamosi na la Jumatatu. Nikapewa kazi ya kwenda kusimamia ubomoaji.

Nilikuta wameshaanza wenyewe. Jirani mmoja alikuwa juu ya paa akivuta nyasi, mama akizipokea na kuzifunga mizigo. Mzee alikuwa ameketi juu ya mzigo mmoja, akizitazama nguzo zikitokeza. Wingu lilikuwa limesimama upande wa bonde la Rukwa. Nilivua koti nikaanza kupokea nyasi na mimi, maana kusimama nimeshika kiuno nilishindwa.

Tulifunga mizigo kadhaa. Kisha mama akaniuliza, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kutafutatafuta.

"Mwanangu, yule bwana mkubwa juzi alikwenda kusimama kwetu kule juu. Pale tulipokatazwa."

"Ndiyo, mama."

"Nani alimruhusu?"

Nikamweleza kanuni, nikijichukia kwa kila neno. Kwamba ukitolewa majini unalipa pigo moja, kisha unaweza kurudi nyuma umbali wowote unaotaka, mradi ni kwa mstari.

Alifunga mzigo aliokuwa nao, akakaza kamba kwa goti. Akaangalia juu mteremkoni, kwenye ule uwanja wake. Ulikuwa hapo hapo, hata ukiita ungesikika.

"Na sisi tunatolewa majini," akasema. "Tumelipa. Sasa tunaruhusiwa kurudi nyuma?"

Nikasema, "Kwa mpira tu, mama."

Mzee hakuwa amesikia vizuri. Akamuuliza mkewe kwa Kifipa nimesema nini, na mkewe akamtafsiria. Alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akainama, akapumzika. Kilipomwachia, akaninyooshea mkono nimwinue, kwa sababu mzigo aliokuwa ameukalia ulikuwa unatakiwa barabarani.