Mtaro Nyuma ya Ofisi

Miaka ile ya dhahabu, pale Tarime, watu walikuwa hawawezi kuona udongo umefukuliwa wakapita tu. Hilo nililijua kama kila mtu, ila nililikumbuka nikiwa nimeshachelewa.

Ofisi yetu ilikuwa Bomani. Tulikuwa tunawajazia wachimbaji wadogo maombi ya leseni kwa njia ya mtandao, na seva, swichi, waya na nywila zilizosahauliwa, vyote vilikuwa juu yangu. Ijumaa moja asubuhi akaja mama mmoja wa Susuni, mjane, na karatasi zake kwenye mfuko wa rambo. Shambani kwake kulikuwa kumeonekana dhahabu, na jana yake watu asiowajua walikuja na kipimo, wakazunguka kwenye mahindi yake bila hata salamu. Utaratibu ulikuwa mmoja: ombi linaloingia kwanza ndilo linalopokelewa.

Nilimwamkia shikamoo. "Marahaba, mura. Niwahishe," akasema. Mura ni kijana kwa Kikurya, na mama wa umri ule akikuita hivyo, unajiona umepewa kazi.

Nikamjazia kila kitu. Ikabaki kubonyeza kutuma tu, mtandao ukakata.

Jamani! Nikazima ruta, nikawasha. Nikachomoa nyaya zote, nikarudishia moja moja. Nikazipiga picha taa za swichi, nikamtumia rafiki yangu fundi wa Mwanza, akajibu papo hapo: zima, washa. Nimeshawasha, wewe! Bosi akachungulia, "Mtandao umerudi?" Dakika kumi baadaye, "Bado tu?" Nilitamani kumpa bisibisi aingie yeye. Mama alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti, anatazama mikono yangu.

Saa sita nikatoka nje kuufuata waya wa intaneti, ambao juma lililopita nilikuwa nimeufukia mwenyewe nyuma ya ofisi. Nikawakuta wateja wetu watatu, wachimbaji wa kutoka Geita waliochoka kusubiri foleni, wamo ndani ya mtaro wangu na sururu. Udongo wake ulikuwa umetoa vijiwe vyeupe vyenye kutu. Mmoja alikuwa analilamba jiwe aone linavyong'aa.

"Bosi, hapa pana dalili," akaniambia, kwa furaha kabisa.

Sururu ilikuwa imekata waya katikati.

"Dalili ya nini? Mmekuja kuomba leseni, mnaichimba ofisi ya leseni!" Nilifoka mpaka majirani wakatoka. Akaninyooshea lile jiwe, eti pole. Nilizidi kuwaka, maana nilijua na mimi nina kosa: niliufukia waya kina cha kiganja, bila bomba, kwa sababu njaa ilikuwa inaniuma.

Fundi mwenye vifaa vya kuunga alikuwa na kibanda karibu na soko, naye alikuwa ameenda swala ya Ijumaa. Nikamsubiri mlangoni huku nasonya. Ilipofika saa tisa waya ulikuwa umeungwa, taa zikawaka, bosi akapiga makofi. Nikarudi kwa mama, nikabonyeza kutuma.

Eneo lile tayari lilikuwa na ombi. Liliingia saa saba.

Nilimweleza huku natazama kibodi. Nikawasema wachimbaji, nikausema waya, nikamsema na fundi. Alinisikiliza mpaka mwisho, anazikunja karatasi zake. Kisha akaionyesha simu yangu iliyokuwa mezani.

"Na hiyo, mura? Asubuhi si ulimtumia mtu picha, akakujibu?"

Ilikuwa na bando tele. Kuiunganisha na kompyuta ni kazi ya dakika mbili, na nilikuwa nimewafundisha watu wengi pale ofisini. Siku nzima niliishika mkononi, nahangaika na waya.

"Nisamehe, mama," nikasema.

Akaniuliza kama wale watu wa kipimo watamwacha kwanza avune mahindi.