Mafuta ya Kondoo Kwenye Difu

Gerejini kwetu Karatu, miaka ile, mtu hakuelezwa kosa lake. Alipigwa kwanza, maelezo yakafuata. Ukiangusha spana ya mwenzako kwenye tope, kofi. Ukisema breki umezikaza na hukuzikaza, teke. Fundi aliyenifunza kazi alining'oa jino la pembeni kwa ngumi moja kwa sababu ya nati iliyolegea, nami nilipopata gereji yangu nikaendelea pale alipoishia. Hasira zangu zilikuwa za karibu. Mke wangu alikuwa akisema kila nikitoka asubuhi yeye hubaki akiwaombea watu wa kazini. Alikuwa anatania, lakini si sana.

Ila kazi niliijua. Hilo hata niliowapiga hawakulikana.

Sifa yangu kubwa ilitokana na tabo. Kwenye mashamba ya ngano nje ya mji kulikuwa na mashine ya kuvunia iliyoshika moto, ikaachwa inaota kutu kwenye majani. Injini yake ilikuwa na kile chombo chenye umbo la konokono, kinachozungushwa na moshi wa ekzosi na kusukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu, ili ichome dizeli nyingi kuliko kawaida. Tajiri mmoja wa mjini, mwenye lori la tani saba, aliipata ile tabo akaniletea kwenye gunia kama kuku. Nilihangaika nayo mwezi mzima. Nilikata mabomba, nikachomelea, nikatengeneza shikizo kwa chuma cha jembe la trekta, nikaongeza dizeli kwenye pampu. Siku ya kulijaribu, lori lilipanda mlima wa kuingia mjini likiwa limejaa mchanga, linapiga mluzi, na watu wakatoka vilabuni kulitazama. Nilisimama juu ya mzigo nimeshika kiuno. Kama picha ingepigwa siku hiyo, ningeitundika mpaka leo.

Kasoro ilikuwa nyuma, kwenye difu. Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Injini inazungusha, giaboksi inapokea, propela inapeleka nyuma, na difu inagawa mzunguko huo kwenye tairi. Kila inapopita, nguvu kidogo inabaki njiani kwa sababu chuma kinasugua chuma, na kazi ya mafuta ni kufanya hicho kidogo kisiwe kingi. Difu ya lori lile ilikuwa imevuja mpaka ikakauka. Na miaka ile madukani kulikuwa na rafu na muuzaji, basi. Sabuni na sukari tulipanga foleni. Mafuta ya difu hata foleni yake haikuwepo.

Nikamkumbuka mama yangu, kwetu Ganako, alivyokuwa akilainisha ngozi kwa mafuta ya mkia wa kondoo. Ngozi kavu kama ubao, yeye akiisugua siku mbili inakuwa laini kama kitambaa. Nikaenda kwa mchinjaji, nikachukua mikia sita, nikaiyeyusha kwenye debe nyuma ya gereji, nikachuja kwa kipande cha shuka na kumimina mafuta ndani ya difu yakiwa bado ya moto. Sikumwambia mtu. Tajiri aliponiuliza mafuta nimeyatoa wapi, nikamjibu kwamba fundi haonyeshi jiko lake. Akacheka, nami nikacheka.

Lori likashuka Mang'ola kubeba vitunguu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kule bondeni ni joto tupu, mafuta yakawa maji, na gari halikulalamika hata kidogo. Nikaanza kujiona nimevumbua kitu.

Dereva wake alikuwa mtu wa Singida, aliyekuja zamani kuchuma kahawa kwenye mashamba akaishia kwenye usukani. Mrefu, mpole, anaongea kama anayeomba njia apite. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi la Karatu likiwa limetukunja wote, alinijia gerejini wakati nimezungukwa na wateja.

"Fundi, habari za asubuhi. Hili gari lina jambo."

"Jambo gani?"

"Asubuhi ni zito. Injini inavuma, tabo inapiga mluzi, lakini nguvu haifiki kwenye tairi. Inapotelea huku nyuma. Jua likishawaka, linakuwa jepesi lenyewe."

Alikuwa amenitajia ugonjwa, saa yake na mahali pake. Daktari angeshukuru kuelezwa hivyo. Mimi nilichosikia ni dereva anaisema vibaya tabo yangu mbele ya watu. Mori ukanipanda. Nikamzaba kofi ambalo kofia yake ililifuata mpaka kwenye karai la oili chafu.

"Inapotelea mguuni kwako!" nikamwambia. "Jifunze kukanyaga!"

Watu wakacheka. Yeye akaokota kofia, akaikamua, oili ikamtiririka mpaka kwenye viwiko. "Sawa, fundi," akasema. "Nitajifunza." Nikarudi chini ya gari nililokuwa natengeneza, nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Wiki hiyohiyo tajiri akapata kazi ya kupeleka mahindi Olbalbal, tambarare ya wafugaji ng'ambo ya Ngorongoro. Kule chini kulikuwa kumekauka, wanaume wameswaga ng'ombe mbali kutafuta maji, na waliobaki nyumbani walikuwa wanalisubiri lori. Tajiri alitaka kuiona tabo ikipanda Ngorongoro kwa macho yake, nami nilitaka kuonekana nikiwa nayo. Tukakaa watatu mbele. Tulitoka Karatu mchana, kila kitu kikiwa kimepata moto, na kutoka geti la hifadhi mpaka juu lori lilipanda bila kusita. Tajiri alinipiga mgongoni. Dereva alitazama barabara tu.

Juu ukingoni mwa kreta ukungu ukatufunga, tukashindwa kuona hata boneti yetu. Tukaegesha kwenye bonde dogo la barabara, palepale ukingoni, mbele mlima na nyuma mlima. Tukalala kwenye viti tumejifunika magunia. Kulipopambazuka, majani yalikuwa yamepata barafu nyeupe.

Dereva akawasha. Injini ikaitika. Akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi taratibu, lori likatikisika lote, likagoma. Akaongeza moto. Tabo ikapiga mluzi, ekzosi ikatapika moshi mweusi, tairi hazikusogea hata kipimo cha kidole. Akajaribu tena na tena, mpaka moshi mwingine, wa harufu kali, ukaanza kutoka chini ya miguu yetu. Klachi ilikuwa inaungua. Injini ilikuwa inatoa nguvu za kuvunja mlango, na zote zilikuwa zinaishia kwenye kuunguza sahani ya klachi.

Tajiri akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa dereva. "Unaniunguzia gari?"

"Tajiri, huku nyuma pamekaza. Mwambie fundi aangalie."

Nikaingia chini ya lori. Nikafungua kizibo cha difu, nikapenyeza kidole. Hakikupenya. Mafuta yangu yalikuwa yameganda, meupe na magumu kama mche wa sabuni, na meno ya difu yamezama humo kama yamejengewa. Nikaelewa kila kitu mara moja: ule uzito wa asubuhi, ule wepesi wa mchana, na lile kofi.

"Difu vipi?" tajiri akauliza kutoka juu.

Niseme wazi, niliogopa. Niliogopa mikono ya yule mtu, ambayo ilikuwa ya kubebea magunia, na niliogopa zaidi kucheka kwa watu wa Karatu wakisikia fundi wa tabo amepika difu kama mchuzi. Nikarudisha kizibo.

"Nzima," nikasema.

Kutoka chini ya lori nilikuwa naona miguu tu. Nikaona viatu vya tajiri vinasogea, nikaona makubazi ya dereva yanaburutwa kutoka ngazini mpaka kwenye majani. Sanduku langu la vifaa likafunguliwa, nikasikia vyuma vikigongana. Alichochukua ni mkanda wa feni wa zamani, uliokatika, nyuzi zake za ndani zimechomoza mwishoni. Kisha nikasikia unavyotua. Mgongoni ulitoa sauti moja, mkononi sauti nyingine.

"Mwulize fundi, tajiri! Mwulize fundi!"

"Fundi kasema nzima!"

Makubazi yakateleza, magoti yakaja chini, halafu kichwa. Dereva akaangukia ubavu, uso wake ukiwa sawasawa na wangu, hatua mbili tu, mimi nimelala chali chini ya difu na yeye kwenye majani. Tukatazamana. Alikuwa anasubiri niseme kitu. Nilikuwa na muda wa kusema, hilo sitalidanganya. Midomo yangu ilifunguka ikajifunga. Mkanda ukashuka tena, ule mwisho wenye nyuzi ukampitia usoni, akatoa ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu wala mnyama. Alipoondoa mkono, jicho la kushoto halikuwa jicho tena.

Hapo ndipo nikatoka. Nilitoka na spana mkononi, nikampiga tajiri kwenye mkono wa mkanda, akanirudishia kichwa cha pua, tukaviringishana kwenye tope kama mbwa. Nilimpiga mbavu, akanikaba koo. Damu yangu ilikuwa inaniingia mdomoni nikipiga kelele: "Ni mimi! Ni mafuta ya kondoo! Nimeweka mafuta ya kondoo kwenye difu, yameganda!"

Akaniachia. Tukakaa chini tunahema. Dereva alikuwa ametambaa mpaka upande wa pili wa barabara, amejikunja, anaomboleza kwa lugha ya kwao, hasikii la mtu. Nilidhani sasa tajiri atanimaliza, na nilikuwa tayari. Badala yake akamtazama dereva, akanitazama mimi, akasugua mkono wake.

"Funga mdomo," akasema, taratibu kabisa. "Dereva nitampata kesho asubuhi pale stendi. Fundi wa tabo ni wewe tu. Hili halijasemwa."

Nami nikafunga mdomo. Mara ya pili, asubuhi ileile.

Gari jingine la kumpeleka hospitali halikuwepo. Tangu mpaka na Kenya ulipofungwa, magari ya watalii yalikuwa ya kuhesabu, na ukungu ulikuwa bado umeziba. Ilibidi tumshushe kwa lori lilelile. Nikamfunga uso kwa shati langu, nikamkalisha ndani. Tajiri akashusha magunia nusu ya mzigo. Mimi nikatafuta kuni, zote zimeloa, nikazimwagia dizeli, nikawasha moto chini ya difu. Nilikaa pale nachochea, dizeli na moshi vinaniwasha macho mawili mazima. Chuma kikapata moto, na harufu ikaanza kupanda. Harufu ya kondoo wa kuchoma. Ikajaa barabarani, ikaingia kwenye ukungu, na mate yakanijaa mdomoni. Sijawahi kuuchukia mwili wangu kama dakika ile.

Niliendesha mimi. Tajiri alibaki na mahindi yake. Niligeuza lori, nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi iliyobaki, na nguvu ikafika. Ikafika yote. Tabo ikapiga mluzi na lori likaupanda mlima ule kwa wepesi, vilevile nilivyowahi kuwaahidi watu.

Dereva alikuwa ameegemea mlango. Nilidhani amezimia. Tulipoanza kuteremka kuelekea getini, akaongea.

"Fundi. Nani alikuwa anachoma nyama pale?"

"Wafugaji," nikasema. "Walikuwa karibu."

"Harufu nzuri. Tangu jana sijatia kitu tumboni." Tukapita kona mbili. "Na leo linavuta. Na wewe ndiye uliyekanyaga. Kumbe kweli ulikuwa mguu wangu."

Nilishika usukani nikatazama mbele, nikaendesha kwa kasi kuliko nilivyowahi kuendesha maishani, nikiamini kwamba kasi hiyo ni aina fulani ya jibu.

Jicho halikupona. Tajiri alipata dereva mwingine kabla ya wiki kwisha, na mimi nikapata mafuta halali ya difu kutoka kwa watu wa mashamba, nikakwangua yale ya kondoo kwa kijiko. Hakuna aliyeniuliza kitu. Niliendelea kuitwa fundi wa tabo, na magari mengine mawili yaliletwa nikayafungia.

Baada ya mwezi mke wa yule dereva wa Singida akaja gerejini kuchukua koti la mumewe lililobaki kwenye lori. Walikuwa wanarudi Singida, kwa kaka zake, kwa kuwa huku hakuna aliyetaka dereva wa jicho moja. Alikuwa mama mdogo wa umbo, mtoto mgongoni. Akanisalimu kwa adabu, nikamletea koti, nikamkung'utia vumbi. Hakuondoka.

"Shemeji," akasema, "mwenzio amenituma nikushukuru. Anasema daktari alimwambia angechelewa, hata la pili lingekufa. Anasema ulikimbiza gari kama ndugu."

Nilitamani anipige. Nilitamani aokote spana yoyote pale chini anipasue nayo kichwa, nikaangalia zilipo. Mafundi walikuwa wanatazama. Alikuwa amesimama mbele yangu anasubiri jibu la kumpelekea mumewe, na nilikuwa nalo, lote, mdomoni.

"Mwambie asijali, shemeji," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaliweka koti begani juu ya mtoto, akaenda zake stendi.