Shuhudia Mmoja

Fundi wa samani jirani yangu amechoma unga wa mbao asubuhi hii, na moshi wake umeniingia mpaka nikafunga dirisha. Ni moshi ule ule wa utotoni mwangu huko Elburgon, baba alipokuwa akipasua magogo kwenye kiwanda cha mzungu, na lundo la unga wa mbao likiwaka polepole mwaka mzima.

Mama alikuwa amerudi kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili na chupa ya dawa za vidonge. Alikuwa ameacha kuongea na ukuta. Alinisuka nywele tena, vidole vyake vikinuka mafuta ya nazi. Jumapili akasimama kanisani kushuhudia.

"Bwana asifiwe. Namshukuru Mungu, na zile dawa."

Hakuna aliyeitikia. Mzee wa kanisa akamwambia kwa upole, "Mama, ni nani amekuponya? Shuhudia mmoja."

Mama alinitazama, kisha akatazama chini.

"Ni Yesu," akasema, na kanisa zima likaangua wimbo.

Tulipofika nyumbani alinipa chupa nikaitupe motoni. Nilikimbia nikiimba ule wimbo, nikamwaga dawa zote kwenye lundo.

Mwezi haukuisha. Nilimkuta ameketi akiuelekea ukuta, midomo ikicheza. Akanishika mkono kwa nguvu, akaninong'oneza, "Ulitupa zote? Hata moja haikubaki?"

Nilidhani anaipima imani yangu.

"Zote, mama," nikamjibu kwa furaha.