Daftari la Vipimo

Kwa usafi wa kazi, fundi yule hakuwa na mpinzani. Nguo haikutoka kwenye kibanda chake ikiwa na uzi unaoning'inia, hata mmoja. Ungeweza kulipindua gauni lake ukashindwa kujua upande wa kuvaa ni upi. Na usafi huohuo, jamani, ndio uliokaribia kumponza.

Alikuwa na binti mmoja, wa miaka minane, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Mkono wa kushoto mzito, miguu ya kujivuta, na maneno yalimtoka polepole, mtu mwenye haraka angeshaondoka kabla hajamaliza. Lakini akili? Weee! Wateja wote wa mama yake aliwajua kwa vitambaa vyao. Shule yake ilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka kibandani, na siku moja ikamwandikia mama yake barua: aje kikaoni, mtoto ahamishiwe shule maalumu ya bweni, safari ya siku nzima. Mtoto ambaye bado anasaidiwa kufunga vifungo! Fundi aliisoma barua amesimama, akaisoma tena amekaa, akashika tama.

Aliyemwokoa ni mteja wake, karani mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Kifungu, maana hakuna mazungumzo aliyoyamaliza bila kutaja kifungu cha sheria. Alikuwa amempigania mwanawe asiyeona mpaka akasoma akawa mwalimu, na tangu hapo alikuwa akiwasindikiza wazazi kwenye vikao vya shule. Hakuwa akidai kitu, labda kikombe cha chai.

"Shikamoo, shangazi. Wananiondolea mtoto."

"Marahaba. Lete hiyo barua." Akavaa miwani, akasoma huku akiguna. "Sasa sikiliza, mwanangu. Sheria inasema mtoto hahamishwi mpaka shule ionyeshe kwamba ilimsaidia kwanza, ikashindwa. Walimsaidia?"

"Wamsaidie wapi! Saa nne asubuhi namwona huyo, karudishwa. Eti amechoka."

"Mara ngapi?"

"Nyingi. Nimeandika zote."

"Basi kikaoni uje na ulichoandika."

Alikuwa akiandika kwenye daftari la vipimo, pembeni mwa viuno na mabega ya watu: leo karudishwa saa nne, leo kafunga kifungo mwenyewe. Sasa oneni alichokifanya. Aliona aibu kuwapelekea wakubwa daftari lenye madoa ya mafuta ya cherehani. Jumamosi nzima alikaa akinakili kwenye daftari jipya, mwandiko wa kunyooka, akalitia na jalada. Katika kunakili, mkono wa fundi ukafanya kile ulichozoea: kila kinachoning'inia, kata. Siku za kurudishwa akaziruka, asije akaonekana mama wa kulalamika. Yakabaki mazuri matupu.

Kikao kilifanyika ofisini kwa mwalimu mkuu, chini ya kabati lenye vikombe vya michezo vilivyojaa vumbi. Mwenyekiti alikuwa afisa wa elimu, dada kijana asiyecheka ovyo. Mwalimu mkuu, bwana mnene mwenye sauti ya upole, alifungua rejista. Mtoto amehudhuria kila siku tangu mwaka uanze, alisema, na mpaka leo herufi kumi hazijui.

"Tumejaribu kila njia," alimaliza. "Hapa hapamfai."

Bi Kifungu akatabasamu, akalisogeza lile daftari jipya mezani kwa madaha. Afisa akafungua, kurasa zikaenda, zikaisha.

"Sioni mahali mtoto aliporudishwa," alisema. "Daftari la mama linakubaliana na rejista."

Bi Kifungu akageuka taratibu, akamtazama fundi juu ya miwani. "Mwanangu, zile siku ziko wapi?"

"Nilizitoa, shangazi. Nilitaka liwe safi."

"Safi! Yaani umetufulia mpaka ushahidi?"

Fundi akaushika mkoba wake. Daftari la zamani lilikuwemo mkobani, maana akitoka pale alikuwa na mteja wa kumpima. Lakini lile chafu, mbele ya watu hawa? Akamfikiria binti yake kwenye bweni la mbali, anaita na hakuna mwenye subira ya kumsikiliza mpaka amalize. Akajikaza, akalitoa.

"Naomba radhi, limechakaa."

Afisa akasoma kwa sauti. "'Kiuno inchi arobaini na mbili, suruali ya bluu, kaja kujaribu. Kamleta mtoto, saa nne kasoro robo.'" Akainua uso. "Ni nani huyu wa arobaini na mbili?"

Jina halikuandikwa pale, na fundi, kwa heshima, alikuwa akitazama sakafu. Mwalimu mkuu angeweza kukana na hakuna ambaye angemfanya kitu. Akalivuta koti lake, akaliachia.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa naenda kujaribu suruali, nikaona nimpitishe. Niliamini namwonea huruma. Sikuwahi kujiuliza akiondoka anakosa nini."

Mwalimu wa darasa, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, naye akainua mkono. Rejista hujazwa saa moja na nusu, alisema, na baada ya hapo haandikwi anayeondoka. Ana watoto sabini darasani, na mikono ni hii miwili. Afisa alihesabu kwenye daftari lile la madoa: siku thelathini na saba.

Ikaamuliwa mtoto abaki. Apimwe na wataalamu ndani ya mwezi, apewe kiti chenye mikono, mwalimu msaidizi aje siku tatu kwa wiki, na asirudishwe tena nyumbani bila sababu kuandikwa. Bi Kifungu alikataa mtu kutia sahihi mpaka yote yasomwe upya, neno kwa neno. Mwalimu mkuu ndiye aliyeyasoma, na fundi akampa mkono wa shukrani kutoka moyoni, kwa lile "ni mimi".

Nje, machozi yalimshinda. "Shangazi, nikushukuru vipi mimi?"

"Usimwonyeshe mtu kiuno changu," alisema Bi Kifungu. "Na ukisikia mzazi mwingine kaandikiwa barua, mlete."

Jumatatu iliyofuata, fundi alishona lakini masikio yalikuwa njiani. Ilipogonga saa nne, aliusimamisha mguu kwenye cherehani, akachungulia nje kwa mazoea. Hakuja mtu. Akafungua daftari la vipimo, lilelile la mafuta, akaandika pembeni mwa mabega ya mteja: "Saa nne. Hajarudishwa. Asante Mungu." Chozi likadondoka, wino ukatapakaa mpaka kwenye vipimo. Safari hii hakunakili upya.