Njiwa Ubavuni mwa Vespa

Mwaka ule nilichoka, na sioni haya kusema. Alfajiri natoka Mpendae kwa vespa kwenda Mji Mkongwe kumpikia baba chai. Nikitoka hapo nafungua duka langu la mapazia Mlandege. Mchana narudi kwa baba na chakula, magharibi tena. Wanasema ng'ombe haelemewi na nunduye. Nani kamuuliza ng'ombe?

Baba alikuwa akiishi peke yake ghorofa ya tatu, macho yanafifia, na ngazi za nyumba zile za zamani unazijua zilivyosimama. Alishateleza mara mbili. Kila simu ikilia dukani roho ilinipaa. Nilijua ipo siku nitaitwa nije nimwokote chini.

"Baba, hamia kwangu," nikamwambia. "Nyumba ya chini, hakuna ngazi hata moja."

"Na njiwa wangu?"

Njiwa saba, juu ya paa, katika banda la mbao alilolijenga kabla sijaolewa. Na mwenye nyumba wangu Mpendae hataki kuona hata kuku. Tukavutana, mwisho baba akasema: "Watafutie pa kukaa. Wakitulia huko wasirudi, na mimi nnakuja kwako. Wakirudi, niache na nyumba yangu."

Nikadhani nshashinda. Masikini mimi!

Nikawatia kwenye tenga, nikawapeleka Kizimbani kwa ami, mdogo wake baba, anayelima huko. Nikamwomba awafungie wiki tatu wazoee. Asubuhi aliyowafungulia mimi nilikuwa kwa baba, nimeteleka maji ya chai. Akanipigia simu: "Nshawafungulia, wamepaa." Siku hiyo hakukuwa na upepo hata wa kutikisa kanga kambani. Maji hayajachemka, nikasikia mabawa juu ya bati. Baba aliniomba mtama tu.

Nikapandwa na hasira, nikawarudisha. Safari hii kilikuwa kipupwe, kusi inavuma kwelikweli. Nikawaacha katika banda la ami, nikanywa naye chai, nikaaga. Kumbe seng'enge ya banda imechanika pembeni, na hapana aliyeangalia.

Niko njiani kurudi mjini, upepo unanipiga usoni, buibui lote linapepea nyuma. Nikageuza uso nipate kupumua. Ala! Njiwa hao, usawa wa bega langu, juu ya majani ya kando ya barabara. Wale wale, yule mweupe mwenye mkia mfupi simkosei. Wanapiga mabawa kwa nguvu zao zote na hawaendi popote. Hawanipiti, hawabaki nyuma. Mikarafuu inakwenda zake nyuma, wanafunzi wanaotembea wanakwenda nyuma, sisi tumesimama pamoja. Nikatazama mshale wa vespa: arubaini. Nikapunguza, wakanitangulia polepole. Nikaongeza, wakarudi ubavuni. Ndege walioshinda birika la chai, leo upepo umewashusha mpaka wakawa sawa na vespa mbovu ya mwanamke mtu mzima.

"Rudini!" nikawapigia kelele. "Rudini nyie, mnaniua!"

Mwenye baiskeli akanitazama kama niliyepagawa. Wala sikumjali, maana nilikuwa nalia, wallahi, nalia huku naendesha. Niliwaona walivyochoka. Midomo wazi, kila bawa linavutwa kwa shida. Wanakwenda kule kule ninakokwenda mimi kila siku, na upepo ule ule unatupiga sote. Niliwahurumia, kisha nikajihurumia mwenyewe.

Karibu na Darajani foleni ikanishika. Wao wakapita juu ya mabati.

Nilipomaliza ngazi nilimkuta baba juu ya paa, amekaa kwenye kigoda, kichwa amekiinamisha. Hakuwa akiwaona vizuri tena. Aliwahesabu kwa kusikia wanavyotua.

"Wamerudi?" nikauliza.

"Wamerudi, mwanangu. Leo wamechelewa, upepo mkali." Akageuza uso kuelekea kwangu. "Na wewe umechelewa."

Nilishuka chumbani kwake nikajitupa kitandani na viatu vyangu, nikalala mpaka adhana ya alasiri. Nilipoamka nilikuwa nimefunikwa shuka.

Mwezi ule ule nikarudisha funguo za Mpendae. Mume sina, watoto wangu wana maisha yao Dar. Nani wa kunizuia? Jirani mmoja alinicheka mbele ya watu: mtu mzima huyu, anaacha nyumba ya chini anakwenda kupanda ngazi! Mwache acheke. Nilifunga kamba nene ya katani ukutani toka chini mpaka juu, baba apate kushika. Kisha nikapandisha godoro langu na mabegi mawili, napumzika kila ghorofa, magoti yanalia.

Baba alikuwa juu na njiwa wake. Akasikia mzigo unatua sakafuni.

"Mwanangu!"

"Naam, baba."

"Leo unalala?"

"Nnalala. Na kesho. Sirudi tena Mpendae."

Nikasikia mtama unamwagika juu ya bati, mabawa yanashuka, kisha sauti yake ya chini, akiwaambia njiwa:

"Haya. Sasa tumetimia."